Vipande Vilivyochelewa Kuingia Karaini

Pu Chaoying hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alizaliwa milimani juu ya mji wa Chuxiong, nchini China, kwenye kijiji ambako watoto wa kike huamshwa alfajiri mbichi, tochi mkononi, wakatafute uyoga kabla jirani hajaufikia. Aliwahi kupapasa chini ya majani makavu akatoka na nyoka mkononi badala ya uyoga. Alimtupa kando kama kamba akaendelea kupapasa. Mwoga wa nyumba yao alikuwa mumewe, Yang Zhengcai, ambaye akisikia paka juu ya paa humwamsha mkewe akatazame.

Lakini kila mtu ana lake linalomtia tumbo joto. La Chaoying lilikuwa uyoga wa buluu ambao haujaiva, na uyoga huo ndio uliomlisha yeye na mumewe na kumsomesha binti yao.

Watu wa huku wote wanaujua. Ni uyoga mnono, nyama yake ya njano, na ukiukata au hata ukiuminya kwa kidole, hapo hapo unageuka buluu kama umemwagiwa wino. Ukiiva sawasawa, mtu anaweza kulamba sahani mbele ya wakwe zake. Usipoiva, unaanza kuona watu wadogo. Wanapita ukutani kwa mistari, wanacheza juu ya blanketi, wengine wanakuja kukusalimia kwa heshima zote. Mji mzima una mizaha juu ya watu wadogo hao. Ukionekana unacheka peke yako njiani, utaulizwa jana ulikula nini. Chaoying hakuwahi kuchekea mzaha huo hata mara moja, na wateja walimwona mwanamke mwenye roho kavu.

Kibanda chake kilikuwa katika soko la usiku la Daraja la Mawe, meza ya kumi na saba, kando ya meza ya Duan Jiashou, mchoma tofu, ile jibini ya soya. Miezi minne ya mvua walikaanga uyoga. Miezi minane iliyobaki waliishi kwa kile kilichopatikana katika minne hiyo. Kazi yake ilikuwa na sheria zake. Karai moja kwa mteja mmoja. Vitunguu saumu bila uchoyo, pilipili kavu, mafuta ya nguruwe mpaka vipande vielee. Kisha saa ya kengele, ile nyekundu ya plastiki ya jikoni, inazungushwa hadi dakika kumi na tano, na mpaka ilie hakuna kijiti cha kulia kinachoingia karaini. Mwaka juzi ofisa mmoja wa soko alichomoa kipande kimoja kwa vidole akionja, akapigwa mwiko mkononi mbele za watu.

"Dada Pu, huyo ni mkubwa wako!" Duan alimwambia siku ile.

"Mkubwa wangu ni hii hapa," alijibu, akainyooshea kidole saa yake.

Basi siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa saba, mvua imekatika punde tu, na watu walikuwa wanamiminika sokoni na miavuli yao ikichuruzika. Saa mbili usiku alitokea mgeni. Wageni wa nchi za mbali hawaji Chuxiong kila siku, na huyu hata angekuja na wenzake mia angeonekana: mrefu kama nguzo ya umeme, ndevu nyekundu, koti la mvua la kijani, na simu aliyoitia kwenye kijiti akaipeperusha mbele ya uso wake huku anazungumza nayo. Nyuma yake walifuata watu kumi hivi ambao hawakuwa na shughuli nyingine isipokuwa kumtazama mgeni akitazama.

Akasimama meza ya kumi na saba. Akaonyesha kikapu cha uyoga wa buluu, akaonyesha tumbo lake, akainua kidole kimoja. Hilo halikuhitaji mkalimani. Chaoying alikata uyoga wake, akautia karaini, akazungusha saa.

Ndipo mgeni alipouona ubao wa kukatia. Ubao ulikuwa umegeuka buluu. Akauliza kitu kwa mikono, na Chaoying, kwa wema tu, akachukua uyoga mwingine akaupasua katikati. Njano ikawa buluu mbele ya simu yake. Yule baba mzima alipiga ukelele wa furaha kama mtoto. Akaomba tena kwa kidole. Chaoying akapasua tena. Watu wakazidi kusogea, wengine wakatoa simu zao pia, na Duan akaacha tofu zake ziungue ili apige kelele:

"Mtazameni Dada Pu leo! Kesho hatusalimii!"

"Geuza tofu zako wewe," Chaoying alisema, lakini alikuwa anatabasamu. Ilikuwa miaka kumi na mitano amesimama kwenye moshi ule na hakuna mtu aliyewahi kumwelekezea kamera. Alinyoosha mgongo. Alisukuma nywele nyuma ya sikio. Akakata vipande vingine vitano, polepole, kimoja kimoja, mgeni akihesabu kwa lugha yake na watu wakimfuatisha bila kujua wanasema nini.

Kisha mkono wake ukafanya kile ulichozoea kufanya tangu utotoni. Mlimani kwao hakuna kinachoachwa juu ya ubao. Alichota vile vipande vitano kwa upande wa kisu akavisukumia karaini pamoja na wenzao, akakoroga, akaendelea kutabasamu. Saa nyekundu ilikuwa imebakiza dakika tatu.

Saa ikalia. Akapakua kwenye boksi la karatasi, mgeni akalipa, akainama kwa adabu ya kujifunza safarini, akaondoka huku anakula. Watu wakamfuata. Chaoying akabaki anakwangua karai, moyo mweupe, akiwaza atakavyomsimulia Zhengcai.

Kipande kimoja kilikuwa kimeng'ang'ania ukingoni mwa karai, juu, mafuta yasipofika vizuri. Akakibandua kwa mwiko. Kikavunjika. Ndani yake kilikuwa cha njano, na alipokuwa akikitazama, kikageuka buluu.

Uyoga ulioiva haugeuki. Hilo hata mtoto wa kijijini kwao analijua.

Alitazama ubao, akatazama saa, akatazama kipande, na mambo yote yakajipanga kichwani mwake wazi kabisa. Vipande vitano. Kimoja hiki hapa. Vinne viko katika tumbo la mtu ambaye hajui hata jina la mji aliomo.

Tusimsafishe kuliko alivyokuwa. Hofu ya kwanza iliyomshika haikuwa ya mgeni, ilikuwa ya kibanda. Penye lango la soko palibandikwa tangazo lenye herufi nyekundu: mwuzaji atakayemdhuru mteja kwa uyoga atafungiwa msimu mzima, na jina lake litabandikwa hapo hapo. Msimu mzima ndio mwaka mzima. Binti yao yuko chuo mwaka wa pili. Alisimama na mwiko mkononi akiwaza kwamba labda hakitatokea kitu, watu wangapi wamekula vibichi wakaamka salama, mgeni mwenyewe ni mkubwa, vipande vinne vitamfanya nini mwili ule.

Hofu ya pili ilikuja nyuma yake, nayo ilikuwa kubwa zaidi. Alimwona yule mtu chumbani peke yake kwenye hoteli, mlango umefungwa kwa ndani, hana ndugu, hana lugha, na hakuna anayejua alichokula.

Akazima moto. Akalinyanyua karai lote, na kile kipande ndani yake, kwa sababu daktari wa uyoga ukimwendea mikono mitupu ni kama hujaenda. Akatoka.

"Dada Pu! Unakwenda wapi na karai?" Duan aliita.

"Yule mgeni amepita wapi?"

"Upande wa mto. Kwani vipi? Amekuibia?"

Angesema hapana, swali la pili lingekuja, na Duan akishajua jambo, soko zima limejua. Chaoying aliitikia kwa kichwa. Ndivyo tu, kidevu chini, kidevu juu, akaondoka mbio.

Alipita meza ya tambi za wali, meza ya samaki wa kuchoma, meza ya vijana wanaokaanga mapanzi. Kila alipouliza, mgeni alikuwa ameonekana. "Shangazi, amepita sasa hivi, ananunua embe." Kwenye embe hayupo. "Amekaa pale anasikiliza vinanda." Kwenye vinanda hayupo. Maji ya mvua yaliruka chini ya viatu vyake, mafuta ya karai yakamchuruzikia kwenye aproni, na kila mtu mrefu aliyemwona kwa mbali aligeuka kuwa nguzo au mwavuli. Alianza kuhesabu dakika. Kumi tangu ale. Kumi na tano. Wengine uyoga unawashika baada ya nusu saa, wengine baada ya saa tatu.

Alipofika kwa wauza nguo, akasikia wanaume wawili wanaongea mbele yake.

"Mgeni yupi?"

"Yule wa ndevu. Amemwibia mama mmoja wa uyoga. Wamemshika langoni."

Neno ambalo hakulisema, lile la kidevu tu, lilikuwa limemtangulia.

Langoni, chini kabisa ya lile tangazo lenye herufi nyekundu, watu walikuwa wamejaa. Katikati alisimama mgeni, na mlinzi wa soko amemshika mkono mmoja, kijana wa kuuza soksi ameshika mwingine. Begi lake lilikuwa chini, limefunguliwa, fulana na soksi na kitabu vikiwa kwenye tope. Uso wa yule mtu ulikuwa umebadilika. Ile furaha ya kuhesabu vipande haikuwepo tena. Macho yalikuwa yanakwenda huku na huku kutafuta mtu mmoja tu wa kumwelewa. Boksi la karatasi lilikuwa limeanguka miguuni pake. Lilikuwa tupu.

"Huyu hapa mwenyewe!" kijana wa soksi alipaza sauti. "Shangazi, njoo! Amekuchukulia nini? Sema usiogope!"

Mgeni alimwona Chaoying, na kwa nukta moja uso wake ukang'aa, maana hapo hatimaye palikuwa na mtu anayemjua. Kisha akaona watu wote wanamtazama huyo mwanamke wakisubiri aseme, akaelewa kwamba ndiye aliyemshitaki. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mwacheni," Chaoying alisema.

"Nini?"

"Mwacheni. Hakuniibia."

"Hakukuibia? Duan amesema mwenyewe—"

"Duan hajui kitu."

"Sasa unamkimbizia nini na karai, shangazi? Unataka kumwosha?"

Watu wakacheka. Mlinzi akamwachia mgeni mkono, na mgeni hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliokota begi lake, akasukumia ndani kile alichoweza, akaanza kupenya kati ya watu kuelekea barabarani. Teksi zilikuwa zimepanga foleni. Akishaingia katika teksi moja, basi, hatapatikana tena, na litakalompata litampata anakojua mwenyewe.

Chaoying aliitazama ile karatasi ya herufi nyekundu. Aliisoma yote, kama vile hajawahi kuiona. Halafu akapiga kelele ambazo waliokuwapo wanasema zilisikika mpaka kwenye vinanda.

"Mzuieni! Nimemlisha uyoga mbichi! Mimi, Pu Chaoying wa meza ya kumi na saba, nimemlisha uyoga wa buluu ambao haujaiva! Mzuieni asiende, atakufa!"

Hapo kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba mtoto alitema chini. "Mimi nimekula kwake jana," mtu mwingine alisema kwa sauti ndogo, akijishika tumbo. Kijana wa soksi, aliyekuwa rafiki mkubwa nusu dakika iliyopita, alimtazama Chaoying kama mtu aliyegusa kitu kichafu. Lakini wanaume wawili walikuwa wameshauziba mlango wa teksi kwa miili yao, na mgeni akawa amegeuka, amekunja ngumi, anahema.

Binti mmoja wa chuo alijitokeza na simu inayotafsiri. Chaoying alisema ndani yake, simu ikasema kwa lugha ya mgeni, mgeni akasikiliza kwa shaka, akajibu, na simu ikageuza:

"Mimi ninatoka Polandi. Kwetu bibi yangu hupika uyoga unaogeuka buluu kila mwaka. Ninaujua. Sina tatizo lolote. Tafadhali niacheni niende."

"Huyu anajua uyoga!" mtu mmoja alisema. "Mwacheni basi."

"Anajua wa bibi yake," Chaoying alisema. "Hajui wangu."

Alitamani kumshika mkono amvute. Aliona jinsi anavyoitazama mikono yake, akaelewa kwamba akimgusa tu, mtu huyo atapigana. Kwa hiyo alichuchumaa. Akaliweka karai chini ya taa ya lango, kwenye tope, akachokoa kipande kimoja kilichoiva kilichokuwa kimebaki ndani yake, akakivunja. Kahawia, nje na ndani. Akachukua nusu ya kile kipande cha buluu, akaivunja pia, akainua mkono.

Mgeni aliinama kutazama. Njano ya ndani iligeuka buluu mbele ya macho yake, kama ilivyokuwa imegeuka mbele ya simu yake nusu saa iliyopita. Safari hii hakupiga ukelele. Akanyoosha kidole akagusa karai, akagusa kipande, akajigusa tumbo, akauliza kwa uso tu.

Chaoying akainua vidole vinne.

Yule mtu wa Polandi alikuwa mtu wa uyoga kweli, kwa sababu hakuhitaji simu tena. Rangi ilimtoka mpaka midomoni. Akamfuata.

Aliyewapeleka hospitali ni Duan, na pikipiki yake ya magurudumu matatu, tofu mbichi zikiwa bado kwenye sinia nyuma. Mgeni alikaa kati ya sinia na ndoo, magoti yakigusa kidevu. Walipofika mlangoni Duan alimwambia Chaoying bila kumtazama, "Ungenijibu hapana tu, Dada Pu. Hapana tu."

"Najua."

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mfupi aitwaye Shi, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala tangu mvua zianze. Kwenye benchi nje ya mlango wake walikuwa wameshakaa watu watatu wa familia moja, na mmoja wao alikuwa anawapungia mkono watu wasiokuwepo.

"Uyoga gani?"

Chaoying aliliweka karai mezani pake, juu ya makaratasi.

"Afadhali," daktari alisema. "Wengine wananiletea hadithi tu. Vipande vingapi? Saa ngapi? Na pombe je?"

Wakamwingizia mgeni mpira tumboni, wakamsafisha, wakamnywesha kitu cheusi, wakamtundikia dripu. Chaoying alisimama ukutani. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemwambia akae. Daktari alimweleza kwamba kilichokwisha kuingia kwenye damu kimeingia. Kingine kitajulikana usiku utakavyokwenda, na ini watalipima asubuhi.

"Atapona?"

"Wengi wanapona."

"Wengi?"

Daktari aliita wa kwenye benchi waingie.

Saa nne na nusu mgeni alianza kucheka. Kwanza kidogo, kwa pua. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kwenye pazia la dirisha, akasema kitu kwa sauti ya upole, akapisha mguu wake kitandani kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita. Kicheko chake kilikuwa kizuri, cha kuambukiza. Wauguzi wawili vijana walitazamana wakashindwa kujizuia. "Wamefika," mmoja alisema. "Muulize wamevaa nini." Hata yule wa kwenye benchi nje alianza kucheka upya aliposikia mwenzake anacheka.

"Msicheke," Chaoying alisema.

"Mama, tusipocheka tutalia, msimu huu—"

"Nimesema msicheke!"

Zamani, kijijini, Chaoying alikuwa na mdogo wake, Chaoliang, wa miaka tisa. Mwaka ule shangazi yao alikaanga uyoga kwa haraka kwa kuwa wageni walikuwa wameshafika, na walioula ni watano. Jioni wote watano waliona watu wadogo. Kijiji kizima kilikuja na viti vyake kutazama, maana ilikuwa burudani kuliko kitu chochote mlimani. Chaoliang ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Aliwaongoza watu wake wadogo ukutani kama kamanda, akiwapa amri, akiwakemea wachelewaji. Chaoying alikuwa na miaka kumi na miwili. Alicheka mpaka akalala chini. Ni yeye aliyekuwa akimchochea, "Na yule pale? Na yule mwingine anafanya nini?" Mtoto alipochoka na kunyamaza walimfunika blanketi, wakasema ameshiba mchezo. Asubuhi wanne waliamka na maumivu ya kichwa.

Hakuwasimulia wauguzi hayo. Hakuwahi kumsimulia mtu, hata Zhengcai alijua tu kwamba mkewe alikuwa na mdogo wake aliyefariki. Alivuta kiti akakaa kando ya kitanda, kati ya mgeni na lile pazia.

Kabla ya saa sita simu yake iliita. Zhengcai.

"Wamekuja watu wa ofisi ya soko," alisema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na mtu aliyemzoea angejua kwamba alikuwa amelia. "Wamebandika karatasi ya muhuri kwenye meza yetu. Na jina lako wameliandika langoni. Chaoying, ilikuwaje? Wewe? Na ile saa yako?"

"Amelala sasa," Chaoying alisema.

"Nani?"

"Mgeni. Ameacha kucheka, amelala."

"Nakuuliza habari ya kibanda!"

"Nimesikia, baba. Tutazungumza." Akakata.

Na kweli mgeni alikuwa amelala, na hapo ndipo hofu yake ilipozidi. Alipokuwa akicheka alikuwa hai angalau. Sasa alilala chali, mdomo wazi, miguu imezidi kitanda, na kimya chake kilikuwa kimya kile kile cha chini ya blanketi. Daktari Shi alipopita alisema alale tu, lakini mradi awe anaamka akiitwa. Chaoying akashika neno hilo. Kila baada ya dakika kumi na tano alimwita, na kwa kuwa hakujua jina lake, alimwita kwa sauti tu na kumtikisa bega. Mgeni alinguruma. Alimwita tena, akafungua jicho moja akalifunga. Wauguzi walimwambia amwache mtu wa watu apumzike. Hakusikia la mtu.

Kuelekea alfajiri, Chaoying mwenyewe akasinzia. Hakujua ni kwa muda gani. Alishtuka, dirisha limeanza kuwa jeupe, na mkono wa mgeni uliokuwa juu ya kifua ulikuwa umeanguka ukaning'inia nje ya kitanda.

"Wewe," alisema.

Hakujibu.

Akamtikisa bega. Kichwa kilikwenda upande, kikarudi. Akautwaa ule mkono. Ulikuwa baridi kwenye vidole. Alimpiga kofi shavuni, dogo, halafu la pili si dogo. Akamshika sikio akalisokota kama anavyosokotwa mtoto mtoro, kwa nguvu zake zote, huku machozi yakimdondokea mgeni kwenye ndevu.

"Amka! Amka, nakuambia! Amka wewe!"

Yule mtu alifumbua macho yote mawili. Yalikuwa mekundu, yenye hasira, na yalikuwa yanamtazama yeye na si kitu kingine chochote cha ukutani. Aliokoa sikio lake kutoka kwenye vidole vya Chaoying, akajiinua kwa kiwiko, akammiminia matusi. Lugha hakuijua hata neno moja, lakini matusi ya mtu aliyenyimwa usingizi hayahitaji simu ya kutafsiri. Yalikuwa marefu, yenye mpangilio, na bila shaka yaliwagusa wazazi wake wote wawili na kijiji alikotoka. Wauguzi walikuja mbio. Chaoying aliwazuia kwa mkono.

Alikuwa amerudi kitini.

"Tukana, mwanangu," alimwambia. "Tukana tena."